Masomo ni bure, mbona bado tunalipa? Njia tatu za franga ya shule Lubumbashi

Kila mwezi wa 9 unapoanza, swali ni lile lile kwenye milango ya shule za msingi za Lubumbashi, kuanzia Katuba mpaka Ruashi. Mama amemshika mtoto mkono, mtoto amevaa iniforme ya bulu na nyeupe iliyoshonwa juzi, na direktere anasema kuna franga kidogo ya kutoa.

"Baba direktere, si Leta ilisema masomo ni bure?"

"Mama, ni bure. Lakini chaki haijafika."

Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo sababu mazungumzo hayo huwa hayaishi vizuri. Mzazi anaondoka akiamini direktere ni mwizi. Direktere anabaki akiamini wazazi hawataki kuelewa. Mwalimu yuko darasani na watoto 90, anangojea mshahara. Mtoto anarudishwa nyumbani. Kwa ajili ya huyo anayerudishwa nyumbani, ni lazima tulifumbue jambo hili polepole, maana kelele zake ni nyingi kuliko maelezo.

Wengi wetu tunawaza kwamba kuna franga moja inayotoka Kinshasa na kuingia shuleni, na kama haikufika basi kuna mtu ameila njiani. Mambo hayako hivyo. Shule ya msingi inaishi kwa franga za aina tatu: ya mishahara ya walimu, ya uendeshaji wa kila siku, na ya majengo na madawati. Kila moja ina mwenyewe, ina njia yake, na ina mahali pake pa kukwama. Gratwite, yaani masomo ya bure yaliyoanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, iliigusa sana ile ya kwanza, ya pili ikaigusa nusunusu, ya tatu karibu haikuigusa kabisa. Ugomvi mwingi wa mlangoni unatokana na kuchanganya hizi tatu.

Kwanza tukubaliane juu ya majina

Gratwite ni uamuzi wa Leta, yaani serikali, kwamba mzazi asilipe ada ya masomo katika shule ya msingi ya umma. Haukuzaliwa mwaka 2019. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 ikalirudia neno hilo. Mwaka 2010 kulikuwa na jaribio la kuanza na madarasa ya chini, ila miji miwili iliachwa nje: Kinshasa na Lubumbashi. Kwa hiyo mzazi wa hapa aliendelea kulipa wakati mwenzake wa Kasenga au Pweto anaambiwa asilipe. Mwezi wa 9 mwaka 2019, miezi michache baada ya Rais Félix Tshisekedi kuingia madarakani, ndipo yale maandishi yalipoanza kutekelezwa nchi nzima, sisi tukiwemo.

Shule ya umma nayo ina sura mbili. Kuna ile inayosimamiwa na Leta moja kwa moja, na kuna ile ya konvansyone, inayosimamiwa na kanisa au jumuiya ya dini. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu akiona msalaba juu ya mlango na sista ofisini, anasema hiyo ni shule ya binafsi, Leta haina neno humo. Si kweli. Mwishoni mwa mwaka 1974 utawala wa Mobutu ulizichukua shule za dini, ukashindwa kuziendesha, na mwaka 1977 ukazirudisha kwa mkataba uliotiwa sahihi na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, kisha Waislamu nao wakaingia. Mkataba huo ndio konvansyone yenyewe. Fikiria parseli moja: mwenye kiwanja ni misioni, yeye anaweka utaratibu wa nyumba na kuchagua msimamizi, anayepaswa kulipa wafanyakazi wa humo ni Leta, na wanaoishi ndani, wanaofagia na kuziba bati linapovuja, ni wazazi na watoto wao. Watatu hao wakikosa kusemezana, nyumba inachakaa, na kila mmoja anamnyoshea kidole mwenziwe.

Shule za konvansyone ndizo nyingi kuliko zile za Leta yenyewe, katika nchi nzima. Gratwite inazihusu zote sawasawa. Haiihusu shule ya promotere, yaani ya mtu aliyejenga kwa mali yake na kupewa kibali na Leta. Tatizo ni kwamba shirika moja la masista linaweza kuwa na shule mbili kwenye uwanja mmoja, moja ya konvansyone na moja ya binafsi, na kibao cha nje kisieleze lolote. Mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kuandikisha mtoto: shule hii ni ya konvansyone au ni ya binafsi? Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Tulifikaje mahali pa mzazi kumlipa mwalimu?

Wazee wa mji huu wanaukumbuka wakati mwingine kabisa. Mtoto wa mfanyakazi wa Union Minière, na baadaye wa Gécamines, alisoma katika shule za kampuni, na kampuni ndiyo iliyobeba gharama. Shule za misioni na za Leta nazo zilikuwa na mwalimu anayelipwa, anayeheshimiwa mtaani, anayeweza kununua baiskeli na kujenga.

Halafu nguzo mbili zikaanguka karibu wakati mmoja. Leta ya Zaire, baada ya miaka ya kubana matumizi na bei kupanda ovyo, ikaacha kulipa walimu mshahara unaoeleweka. Gécamines nayo ikayumba: mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, shaba ikapungua, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka kwa ule mpango ulioitwa wa hiari. Katanga ilipoteza kwa mkupuo mmoja shule ya Leta na shule ya kampuni.

Walimu waligoma, shule zikafungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, maaskofu wa Kikatoliki na wazazi walikubaliana kwamba wazazi wachangie kidogo ili mwalimu arudi darasani. Mchango huo ukaitwa motivasyo. Ulikusudiwa kuwa wa muda tu, ukaendelea kwa karibu miaka 30.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawakulijua: ile franga ya mzazi haikubaki yote shuleni. Sehemu ilimwendea mwalimu. Sehemu ilipanda ngazi: ofisi ya usimamizi ya kanisa, ofisi ya elimu ya wilaya, ofisi ya elimu ya jimbo, ukaguzi. Ofisi hizo nazo hazikuwa zikipata kitu cha maana kutoka Kinshasa, kwa hiyo zilijitafutia chakula kupitia mtoto. Mzazi wa Kamalondo aliyekuwa akilipa kila mwezi alikuwa anagharamia mwalimu wa mwanawe, na pia kalamu, karatasi na usafiri wa maofisa ambao hakuwahi kuwaona. Ulikuwa mfumo mzima wa elimu ya taifa uliokaa juu ya mabega ya mama anayeuza unga wa bukari sokoni.

Ndiyo maana kufuta ada hakukuwa jambo dogo la kusema kwenye redio. Ulipoondoa ada ya mzazi, uliondoa pia mshahara wa pili wa mwalimu, uendeshaji wa shule, na riziki ya ngazi nzima ya ofisi. Vyote hivyo vilipaswa kujazwa na Leta, siku hiyo hiyo.

Franga ya kwanza: mishahara

Hii inatoka Kinshasa, na ndiyo kubwa kuliko zote. Ili mwalimu alipwe, shule yake lazima iwe na barua rasmi ya kuitambua, na yeye mwenyewe awe na namba yake katika orodha ya walimu. Orodha hiyo ilikuwa mikononi mwa SECOPE, ofisi ya Leta inayohesabu walimu na kuandaa malipo yao; leo inaitwa DINACOPE. Watu wa shule wanaiita listingi. Kila mwezi listingi inashuka, benki inalipa, na mwalimu anapanga mstari. Asiyekuwa kwenye listingi hapangi mstari.

Na wasiokuwa kwenye listingi ni wengi. Kuna wanaoitwa NU, wapya, wanaofundisha huku karatasi zao zikizunguka ofisini. Kuna wengine wenye namba lakini mshahara haujaanza kutoka. Chukua mfano wa shule yenye walimu 12, wanne kati yao wakiwa NU. Zamani motivasyo iliwaficha: wote 12 waligawana franga ya wazazi na hakuna mzazi aliyejua nani yuko kwenye listingi na nani hayuko. Gratwite ilipofika, hao wanne wakabaki mikono mitupu asubuhi moja. Leo direktere akiwaambia wazazi wachange "kwa ajili ya walimu", mara nyingi anawafikiria wanne hao. Sheria haimruhusu kuwachangisha. Lakini akiwaachia waende, madarasa manne hayana mtu. Mimi namwona direktere huyo kama mtu aliyewekwa mahali pabaya na walio juu yake. Anayesimama kwenye mlango ni yeye, na aliyechelewesha namba yuko mbali.

Kuna jambo la pili katika mishahara ambalo ni la mijini hasa. Mwalimu wa kijijini alikuwa anapata motivasyo ndogo sana, kwa sababu wazazi hawana. Leta ilipofuta ada na kuongeza primu ya gratwite, yaani nyongeza ya kufidia motivasyo, kwenye mshahara, huyo wa kijijini alipumua kidogo. Mwalimu wa shule nzuri ya Kikatoliki mjini Lubumbashi alikuwa anapata motivasyo inayopita mshahara wenyewe. Kwake primu ilikuwa hasara. Ndiyo maana migomo iliwaka sana mijini na katika shule za Kikatoliki, na serikali ikalazimika kukaa na vyama vya walimu huko Bibwa, pembeni mwa Kinshasa, na kutoa ahadi ambazo walimu bado wanazitaja kila shule zinapofunguliwa. Mwezi wa 9 mwaka 2024 walimu wengi walikataa kurudi darasani, wakidai mshahara unaokaribia dola 500. Mtu anayesema walimu hawataki gratwite anawaonea. Wanachokataa ni kuwa wao ndio wanaoilipia.

Kuna pia wanaosema shule ya bure inalipwa na Wazungu. Benki ya Dunia ilikubali mwezi wa 6 mwaka 2020 kusaidia kwa dola milioni 800, ni kweli. Lakini mradi wa namna hiyo una mwisho wake, unatolewa kwa vipande, na una masharti. Mshahara wa mwalimu hauna mwisho: ni kila mwezi, mwaka hata mwaka, na unatoka kwenye kodi na mapato ya nchi. Yaani unatoka kwetu, kwa mlango mwingine.

Ujue pia kwamba kiasi kilichoandikwa kwenye bajeti si kile kinachotoka. Bunge linapiga kura juu ya makadirio. Kisha hazina inalipa kadiri ilivyo nazo, na kwa kawaida mishahara inatangulia huku mengine yakingoja. Ukisikia redioni kwamba elimu imepewa sehemu kubwa ya bajeti, uliza swali la pili: kiasi gani kilitoka? Na hata kikitoka, njia inaweza kukatika. Benki zilipofungwa Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025 baada ya miji hiyo kuingia mikononi mwa waasi wa M23, walimu wa huko waligundua kwamba kuwa kwenye listingi hakutoshi kama hakuna dirisha la kupokelea.

Franga ya pili: chaki na makaratasi

Franga ya uendeshaji inapaswa kutoka Leta kwenda kwa kila shule ya msingi ya umma, ili inunue chaki, madaftari ya maandalio ya walimu, karatasi za mitihani, fagio, kufuli. Inafika kidogo na inachelewa. Hakuna franga inayosemwa kidogo kama hii na inayoleta ugomvi mwingi kama hii.

Angalia sanduku moja la chaki. Mwalimu wa darasa la kwanza anaandika herufi ubaoni asubuhi nzima, anafuta, anaandika tena. Vijiti vinaisha haraka kuliko darasa la sita. Franga ya uendeshaji ikichelewa miezi miwili, direktere anakwenda dukani na kuomba mkopo. Mwenye duka anampa mara ya kwanza, mara ya pili anaanza kununa. Mara ya tatu direktere anawaita wazazi. Hapo ndipo ile "franga kidogo" inapozaliwa, na mara nyingi haizaliwi kwa ubaya. Lakini haikai kidogo. Leo ni chaki, kesho ni mlinzi, keshokutwa ni karatasi za mtihani, na mwisho wa muhula jumla imekaribia ile ada iliyofutwa, bila risiti, bila kikao, bila mtu anayejua ilikwenda wapi.

Msimamo wangu hapa ni wazi. Kumrudisha mtoto wa shule ya msingi nyumbani kwa sababu ya mchango ni kosa, hata kama chaki imekwisha kweli. Mzazi anayetaka kusaidia kwa hiari asaidie, na bora asaidie kwa kitu: mama wanne wakileta sanduku moja la chaki, kila mtu ameliona na hakuna hesabu ya kubishaniwa. Kinachofanywa kuwa sharti ni ada, hata kikipewa jina jingine.

Iniforme, madaftari, viatu na nauli havimo ndani ya gratwite. Hivyo ni vya mzazi. Ni vizuri kulisema wazi, kwa sababu wako waliomtoa mtoto shule wakidhani walidanganywa, kumbe waliyoahidiwa hayakuwa hayo.

Franga ya tatu: kuta, bati na madawati

Gratwite ilileta mamilioni ya watoto shuleni nchini kote, na hiyo ni furaha ya kweli. Nani hakumwona binti wa miaka 11 akiingia darasa la pili kwa mara ya kwanza, ameketi na wadogo zake, anashika kalamu kwa nguvu kama mpini wa jembe? Lakini uamuzi uliofungua mlango haukujenga chumba. Dawati la watoto watatu likapokea watano. Wengine wakakaa chini juu ya matofali. Shule zikagawanya siku, kundi la asubuhi na kundi la mchana. Wazazi wenye uwezo wakahamishia watoto kwa promotere, na shule ya umma ikabaki na watoto wa wasio na sauti.

Sasa, nani anapaswa kujenga? Watu wanasema Kinshasa. Soma Katiba, kifungu cha 204: shule za msingi na sekondari ni kazi ya jimbo, kwa kufuata kanuni za taifa. Na kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni haki ya majimbo. Kwenye karatasi, basi, jimbo la Haut-Katanga ndilo lenye shule na lina fungu lake. Katika maisha, mishahara imebaki Kinshasa, asilimia 40 haifiki yote, na jimbo linasema halina kitu. Kila ngazi inamwonyesha mwananchi mlango wa jirani.

Wengine wanangojea mpango wa maeneo 145, ule mpango wa Leta wa maendeleo unaoitwa PDL, ulioahidi shule, vituo vya afya na barabara. Mpango huo ni wa teritwari, yaani vijijini: kwa jimbo letu ni Kipushi, Kambove, Kasenga, Mitwaba, Pweto na Sakania. Mji wa Lubumbashi si teritwari. Mzazi wa komini ya Kenya anayengojea shule ya PDL mtaani kwake atangoja bure.

Lakini Katanga ina kitu ambacho majimbo mengi hayana, na kwa maoni yangu hapa ndipo tungetakiwa kupigia kelele zaidi. Kila kampuni ya madini inalipa mrabaha kwa kila madini inayouza. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa 3 mwaka 2018 inaweka asilimia 3.5 kwa shaba, na asilimia 10 kwa madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati, kobalti ikiwemo. Mrabaha huo unagawanywa hivi: nusu kwa hazina ya taifa, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa mji, komini, sekta au usultani ambako mgodi uko, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Tufanye hesabu. Chukua tani moja ya shaba iliyouzwa dola 9,000. Mrabaha wake ni dola 315. Hazina ya taifa inapata 157.50, jimbo 78.75, eneo lenye mgodi 47.25, vizazi vijavyo 31.50. Lori moja linalopanga foleni kwenda mpakani Kasumbalesa likibeba tani 30, eneo la mgodi limepata zaidi ya dola 1,400 na jimbo zaidi ya 2,300. Lori moja. Hesabu mwenyewe malori unayoyapita asubuhi barabarani, kisha uwaze ni madawati mangapi yanayotengenezwa na fundi wa hapa mjini kwa franga ya lori moja tu.

Tahadhari moja, ili tusidai pasipo haki: mengi ya malori hayo yanatoka Kolwezi na Fungurume. Mrabaha wake ni wa Lualaba na maeneo yake, hata kama vumbi lake tunalivuta sisi. Wetu ni wa migodi iliyo ndani ya Haut-Katanga, kama ule wa Ruashi ulio pembeni kabisa mwa mji.

Zaidi ya mrabaha, sheria hiyo hiyo inaidai kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na isaini nazo hati ya ahadi inayoorodhesha kazi zitakazofanywa: shule, maji, kituo cha afya. Kwa tani yetu ya dola 9,000, hiyo ni dola 27 nyingine. Hati hiyo si siri. Chifu wa mtaa, kiongozi wa kanisa, kamati ya wazazi, yeyote anaweza kuomba kuiona na kuuliza shule iliyoandikwa ukurasa fulani iko wapi.

Asilimia 15 ya eneo ndiyo franga iliyo karibu nasi kuliko zote. Haiendi Kinshasa kwanza halafu irudi. Kampuni inailipa moja kwa moja kwenye akaunti ya komini au sekta. Kwa nini basi kuna komini yenye mgodi na shule yenye watoto chini? Jibu mara nyingi ni kwamba bajeti ya komini haisomwi na mtu. Tunakwenda kwa burgumesta, mkuu wa komini, kwa ajili ya cheti na hati ya parseli, hatuendi kuuliza mrabaha wa miezi mitatu iliyopita ulinunua nini. Kelele zetu zote tumezipeleka kwa direktere, mtu asiye na hata sanduku la chaki.

Na sekondari?

Hapa majibu ni mafupi. Gratwite ya Katiba ni ya shule ya msingi. Sekondari bado inalipwa, na mtoto akimaliza darasa la sita mzazi ajiandae. Lakini haimaanishi prefe, mkuu wa sekondari, anajipangia kiasi anachotaka. Kila mwaka gavana wa jimbo anasaini amri inayopanga ada za shule za umma. Omba kuiona amri hiyo, linganisha na karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa shule. Kisichokuwa kwenye amri huna deni nacho. Shule ya binafsi ina makubaliano yake na wazazi wake.

Mlango gani kwa tatizo gani

Kama tatizo ni mwalimu asiyelipwa au asiye na namba, direktere hana dawa. Faili liko kwenye ofisi ya elimu ya jimbo na DINACOPE, au kwenye ofisi ya usimamizi ya kanisa ikiwa shule ni ya konvansyone. Wazazi wakiandika barua pamoja na walimu, wakitaja namba ya shule na tarehe faili lilipowekwa, barua hiyo ina uzito kuliko mgomo wa mtu mmoja mmoja.

Kama tatizo ni mchango unaolazimishwa shule ya msingi, anza na kamati ya wazazi, COPA, kisha baraza la uendeshaji wa shule, COGES. Wawakilishi wa wazazi wanakaa kwenye baraza hilo kwa haki yao, si kwa hisani ya direktere. Ndiko franga ya uendeshaji inakotakiwa kuhesabiwa: ilifika lini, kiasi gani, ilinunua nini. Direktere mwaminifu analifurahia swali hilo, maana linamtoa kwenye tuhuma. Daftari lisipofunguliwa, mkaguzi na ofisi ya elimu ya wilaya wana mamlaka ya kulifungua.

Na kama tatizo ni paa, ukuta au madawati, usimalizie hasira yako shuleni. Nenda komini, uliza bajeti ya mwaka, uliza mstari wa elimu, uliza mrabaha uliopokelewa. Nenda na wenzako wa mtaa, nenda na mjumbe wa bunge la jimbo uliyempigia kura. Bajeti ya mwaka unaofuata inaandaliwa kabla mwaka huu haujaisha, na huko ndiko dawati linakoingia au linakosahaulika.